Kuinama Siyo Kuvunjika: Wushu Mlangoni mwa Olimpiki



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona jarida la lugha likitoa nafasi kwa ngumi na mateke ya Wachina. Mshangao huo una haki yake, nami sitaki kuukwepa. Vijana tunaowafundisha wameijua kungfu kabla ya kuijua insha. Wameiona katika vibanda vya video, na huko Tanzania wameisikia ikisimuliwa kwa Kiswahili na mfasiri ambaye sauti yake imetiwa juu ya sauti za wachezaji. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuizungumze. Lakini iko sababu kubwa zaidi. Wushu, yaani jumla ya sanaa za jadi za kupigana za China, kwa miaka mingi imekuwa ikitafuta kutambuliwa kuwa mchezo wa mashindano wa kimataifa, na hasa kuingizwa katika Michezo ya Olimpiki. Habari ya jitihada hiyo ni habari ya urithi wa watu unaobisha hodi katika nyumba ya wengine, ukaulizwa uko tayari kukatwa kiungo gani ili upite mlangoni. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani kilikozaliwa tunalijua swali hilo.

Nasema waziwazi tangu mwanzo nisimamapo. Ni haki wushu itambuliwe ulimwenguni, na wanaoitaka ibaki imefichwa vijijini wamekosea. Lakini njia iliyofuatwa na wasimamizi wake kwa zaidi ya nusu karne, ya kuikata na kuishona upya hata ifanane na jimnastiki, imeigharimu mno na haijaipatia kile ilichokuwa ikitafuta. Waheshimiwa hao wamechanganya mambo mawili, kuinama na kuvunjika.

Hodi ya Miaka Mingi

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Katika neno wushu, "wu" ni mambo ya vita, na "shu" ni sanaa au ufundi. Neno kungfu, ambalo kwetu ndilo maarufu zaidi, asili yake haikuwa ngumi hata kidogo. Maana yake ni ustadi wowote upatikanao kwa muda mrefu na jasho jingi. Hata mpishi au mwandishi wa hati nzuri aweza kusemwa kuwa nao. Neno hilo lenyewe linatukumbusha kwamba kiini cha sanaa hii ni muda na kazi.

Mwaka 1910 kilianzishwa mjini Shanghai chama cha Jingwu, ambacho kilifundisha hadharani mambo ambayo aghalabu yalikuwa yakirithishwa ndani ya koo na vijiji. Mwaka 1928 serikali ya wakati ule ilifungua taasisi kuu ya sanaa hizo huko Nanjing. Mwaka 1936, Olimpiki ilipofanyika Berlin, China ilipeleka kikosi cha watu 9, watatu kati yao wakiwa wanawake, kuonyesha wushu mbele ya watazamaji wa Ulaya. Hapakuwa na medali wala mashindano; yalikuwa maonyesho tu. Hodi ya kwanza ndiyo hiyo.

Baada ya mapinduzi ya 1949, serikali mpya iliichukua wushu mikononi mwake na kuiweka chini ya tume ya michezo. Mwaka 1956 ulitolewa mfululizo sanifu wa miondoko 24 ya taijiquan, ile sanaa ya mwendo wa polepole ambayo leo hufanywa na wazee kwa vijana katika bustani za miji mingi. Mifululizo mingine sanifu ilifuata. Mwaka 1990 wushu iliingizwa katika Michezo ya Asia mjini Beijing, na katika siku hizo hizo likaundwa Shirikisho la Kimataifa la Wushu. Mwaka uliofuata yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia, hapo hapo Beijing. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho hilo kwa muda mwaka 1999, na kwa ukamilifu mwaka 2002.

Hapa msomaji asichanganye kutambuliwa na kuingizwa. Shirikisho lililotambuliwa ni kama mgeni aliyeandikwa jina kitabuni. Bado hajapewa kiti wala sahani. Wushu iliandikwa jina, ikasubiri sahani. Mwaka 2008 Olimpiki ilifika Beijing, nyumbani kwa wushu yenyewe, na watu wengi waliamini kwamba saa imewadia. Haikuwa hivyo. Yaliruhusiwa mashindano ya kando, tarehe 21 hadi 24 Agosti, wakati Olimpiki ikiendelea, lakini medali zake hazikuhesabiwa miongoni mwa medali za Olimpiki. Mwenyeji alikula karamu ya nyumbani kwake akiwa amesimama uani. Mwaka 2011 wushu iliwekwa katika orodha ya michezo iliyowania nafasi ya 2020; mwaka 2013 ikaondolewa. Mwaka 2015 ilijaribu tena kupitia nafasi za nyongeza za Tokyo, ikaachwa tena. Hatimaye, Januari 2020, kamati hiyo iliikubali katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, michezo iliyopangwa kwa mwaka 2022 na kuahirishwa hadi 2026. Kwa hiyo, mlango wa kwanza wa Olimpiki kufunguliwa kwa wushu, kwa medali halisi, ni mlango wa Afrika. Hili tutalirudia.

Bei Iliyolipwa

Sasa tuulize: katika safari hiyo yote wushu ililipa nini?

Kati ya mwaka 1983 na 1986 ulifanywa uchunguzi mkubwa nchini China ili kuorodhesha mitindo ya sanaa hizi. Ilihesabiwa mitindo 129. Kila mmoja una mwendo wake, msamiati wake, silaha zake na masimulizi ya wazee wake. Iko inayomkaribia adui hata viwiko vikagusana, na iko inayompiga kutoka mbali kwa mkono ulionyooka. Iko iliyojifunza kwa nyani, na iko iliyojifunza kwa vunjajungu avutavyo mawindo yake kwa mikono iliyokunjwa.

Wushu ilipoingia katika mashindano ya kimataifa mwaka 1990, mitindo ya mikono mitupu iliyopewa nafasi ilikuwa mitatu tu: changquan, yaani ngumi ndefu ya kaskazini, nanquan, yaani ngumi ya kusini, na taijiquan. Na hata changquan hiyo si mtindo wa mwalimu au kijiji fulani. Ilishonwa na kamati kutokana na vipande vya mitindo kadhaa ya kaskazini. Mitindo mingine iliachiwa sherehe za nyumbani na matamasha yake yenyewe, kama lile lililoanza mjini Zhengzhou mwaka 2004.

Haikuishia hapo. Ili hukumu ionekane ya kisayansi, kanuni za baadaye ziligawa alama 10 za mchezaji mmoja katika mafungu matatu: 5 kwa usahihi wa miondoko, 3 kwa uchezaji wake kwa jumla, na 2 kwa ugumu wa miruko. Mtu atasema kwamba alama 2 ni haba. Lakini kila mwalimu aliyewahi kusahihisha mitihani anajua kwamba wanafunzi bora wanapolingana katika maswali yote, swali moja tu huamua nani awe wa kwanza. Washindani wakuu wakikaribiana katika zile alama 8, hizi 2 ndizo zenye medali. Basi mazoezi yote huvutwa upande huo: kuruka hewani, kuzunguka nyuzi 540 au 720, na kutua bila kuyumba katika mkao wa mpanda farasi. Ni kazi ya kustaajabisha, nami siidharau. Lakini muulize aliyeruka hivyo, ule mzunguko ulikuwa unamkwepa nani, na ulikuwa unampiga nani? Mara nyingi hakuna jibu, kwa kuwa mruko ule haukuzaliwa kwa ajili ya adui. Ulizaliwa kwa ajili ya jaji.

Silaha nazo zimepatwa na hali hiyo hiyo. Upanga wa mashindano umefanywa mwembamba na mwepesi, hata ukitikiswa bati lake hulia na kumeremeta. Watazamaji hufurahi. Lakini mtu aliyefunzwa kwa upanga huo pekee, ukimpa upanga wenye uzito wa kweli, mkono wake utamwambia kwamba hajawahi kuushika.

Kubwa kuliko yote ni talaka. Katika wushu ya jadi mfululizo wa miondoko na mapigano ya watu wawili vilikuwa mke na mume. Mfululizo ulikuwa kumbukumbu ya mapigo, kama utenzi uhifadhivyo historia katika vina na mizani. Mapigano yalikuwa mahali pa kuthibitisha kwamba kumbukumbu haijadanganya. Mchezo wa kisasa umewatenganisha wawili hao. Upande mmoja iko taolu, yaani mifululizo inayohukumiwa kwa macho. Upande mwingine iko sanda, mapigano huru ya ngumi, mateke na kuangushana, yaliyoanza kufanyiwa majaribio rasmi mwaka 1979 na ambayo hufanyika juu ya jukwaa. Aghalabu mchezaji wa taolu hapandi jukwaa la sanda, na mpiganaji wa sanda hahitaji kujua mfululizo hata mmoja. Sanaa moja imekuwa michezo miwili isiyojuana.

Majirani Waliotangulia

Watetezi wa njia hii wana methali yao: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanasema Wajapani waliinama kwa judo, Wakorea wakainama kwa taekwondo, na wote wamepata. Kwa nini Wachina wasiiname?

Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuipuuza. Judo iliasisiwa mwaka 1882 na Kano Jigoro, mwalimu kwa taaluma, ambaye mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza kutoka Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mchezo wake uliingia Olimpiki mwaka 1964, yeye akiwa amekwisha kufariki. Taekwondo ilionyeshwa Seoul mwaka 1988, ikapata medali kamili Sydney mwaka 2000. Faida ya hatua hizo haina shaka, kwani leo vijana wa mabara yote hufunzwa michezo hiyo.

Lakini tusome na ukurasa wa pili. Shirikisho la judo lilianza mwaka 2010 kuyaadhibu mashambulizi ya kushika miguu ya mpinzani moja kwa moja, na mwaka 2013 likayapiga marufuku kabisa, kwa hofu kwamba judo inafanana mno na mieleka. Mbinu ambazo Kano mwenyewe alizifundisha zikawa kosa. Katika taekwondo, tangu Olimpiki ya London ya 2012 alama za mateke hupokewa na vazi lenye mitambo, na wachezaji wakajifunza haraka teke ambalo mtambo hulihesabu hata kama lisingemwangusha kuku. Karate ilipata nafasi katika michezo ya Tokyo ya 2020, iliyofanyika 2021, na Paris mwaka 2024 haikuwamo. Hata mieleka, mchezo uliokuwamo katika Olimpiki ya Wayunani wa kale, iliambiwa Februari 2013 kwamba haitakiwi tena. Ikahangaika miezi saba hadi iliporudishwa Septemba mwaka ule ule. Na kumbukeni ni mwaka gani huo: ndio mwaka ambao wushu iliondolewa katika kinyang'anyiro cha nafasi hiyo hiyo. Mgeni aliyekuwa akibisha hodi alifukuzwa, ili mwenye nyumba wa zamani arudishiwe kitanda chake.

Tunajifunza nini? Kwamba kiti cha Olimpiki ni kiti cha kuazima. Mwenye kiti hukitoa na kukiondoa kwa sababu zake: biashara ya televisheni, idadi ya wachezaji, matakwa ya mji mwenyeji. Mtu aweza kuinama ili akikalie. Lakini akivunja mgongo kwa ajili ya kiti cha kuazima, siku ya kunyang'anywa kiti atabaki na nini?

Wako wanaodai kwamba kikwazo cha wushu ni hukumu ya macho, kwa kuwa taolu haina gramu wala sekunde za kupimia, na kwamba ndiyo sababu ilibidi iongezewe miruko inayohesabika. Hoja hii haina miguu. Jimnastiki imekuwamo katika Olimpiki tangu Athens mwaka 1896, na inahukumiwa kwa macho. Kama macho ya jaji yanatosha kwa mtu anayebembea kwenye bomba, yanatosha pia kwa mtu mwenye mkuki. Kinachohitajika ni jaji ajuaye mkuki. Lakini ikiwa wushu yenyewe inajivika mavazi ya jimnastiki, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza: huyu aliyeko ndani hatoshi? Mwiga tembo hupasuka msamba, na huyu amepasuka huku tembo akimtazama.

Turudi Dakar. Nchini Senegal uko mieleka wa jadi uitwao laamb, ambao wapiganaji wake huruhusiwa pia kupiga ngumi, na ambao haujaingizwa katika Olimpiki. Umeharibika kwa hilo? Hasha. Wapiganaji wake ni mashujaa wa taifa, huvaa hirizi zao, hupigiwa ngoma zao, na mapambano yao makubwa huisimamisha nchi. Mwaka 2018 ulikabidhiwa huko Pikine, kando ya Dakar, uwanja wa taifa wa mieleka hiyo unaokaa watazamaji zaidi ya 20,000. Nao ulijengwa na nani? Ulijengwa kwa msaada wa China. Yaani China imeusaidia urithi wa Wasenegali usimame katika uwanja wake wenyewe bila kubadili hata hirizi moja, huku urithi wa China wenyewe ukifunzwa kuruka ili upendwe na majaji wa Ulaya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa chema ndicho kilichotembezwa.

Wasiotaka Mashindano

Baada ya kusema hayo, naona tayari kundi la pili likinipigia makofi, nalo ni la wale wasiotaka mashindano hata kidogo. Naomba washushe mikono. Wao husema kwamba sanaa ya kweli haipimiki, kwamba mapigo yake ni ya hatari mno kwa uwanja, na kwamba mwalimu mkuu hana haja ya kumthibitishia mtu yeyote.

Aprili 2017, huko Chengdu, mpiganaji wa kisasa Xu Xiaodong alikutana na mtu aliyejitangaza kuwa bingwa wa taijiquan. Pambano halikufika nusu dakika. Bingwa alilala chini. Ghadhabu iliyofuata ilimwangukia mshindi zaidi kuliko ilivyomwangukia aliyeshindwa, kana kwamba kosa lilikuwa kufunua chungu na si kukiacha kitupu. Nasema bila kusita kwamba Xu aliitendea wushu wema mkubwa. Sanaa ambayo kwa vizazi viwili au vitatu haijapimwa hugeuka kuwa hadithi, na anayelipa gharama ya hadithi hiyo ni mwanafunzi maskini anayeiamini. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Naongeza, wala si mwalimu.

Hatari ya mapigano ni ya kweli. Katika mtihani wa kitaifa uliofanyika Nanjing mwaka 1928 majeraha yalikuwa makubwa. Lakini tiba ya hatari ni kanuni, vilinda kichwa na waamuzi wenye elimu. Sanda imekwisha kuyafanya haya. Ina jukwaa la mraba wa mita 8 kila upande, lililoinuliwa sentimeta 80 kutoka sakafuni, na anayemsukuma mwenzake akaanguka chini ya jukwaa huhesabiwa ushindi kwa kanuni maalumu. Jukwaa hilo si la kuazima kwa mtu. Ni la jadi ya Wachina wenyewe, ambao tangu zamani walipandishana jukwaani kujaribiana nguvu. Basi wushu inao mchezo wa mashindano ulio wake kabisa, usiofanana na ndondi wala judo, na cha ajabu ni kwamba mara nyingi uliopelekwa mbele kwenye mlango wa Olimpiki ni ule wa miruko.

Lugha Yetu Inasemaje

Nimesema kwamba jambo hili latuhusu sisi walimu. Tazameni historia ya somo letu. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, na Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Faida yake tunaiona kila siku: mtoto wa Bujumbura na mtoto wa Kisumu waweza kusoma kitabu kimoja. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayetaka kuifuta kazi ile.

Lakini hasara yake nayo tunaijua. Kimvita na Kiamu, ambazo ndizo zilizobeba tungo kubwa za kale, ziligeuzwa kuwa tanbihi. Kingwana cha Kongo kikaitwa Kiswahili kibovu, na wasemaji wake wengi wakafunzwa kukionea haya. Lahaja iliyopewa kazi ya kuwa mlango ikadhaniwa kuwa ndiyo nyumba. Kosa halikuwa kusanifisha. Kosa lilikuwa kusahau kwamba usanifu ni daraja la kukutania, na kwamba chemchemi ziko kwingine. Mitindo 129 ya wushu mbele ya mitatu iliyosanifiwa ni kama lahaja zetu mbele ya kitabu cha sarufi. Mtihani hupima kinachohesabika. Ole wa mwalimu anayefundisha kinachohesabika peke yake.

Iko nusu ya pili ya historia yetu, nayo ni ya faraja. Mwaka 2004 Kiswahili kilisikika katika mkutano mkuu wa Umoja wa Afrika. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Je, yuko aliyetutaka tufute ngeli ili wageni waone wepesi? Yuko aliyetutaka tuifanye lugha yetu ifanane na Kifaransa? La. Kiswahili kilitambuliwa kwa sababu kilikuwa tayari kinatumika sokoni, bandarini, jeshini, msikitini na kanisani, na kwa sababu watu wengi wasiozaliwa nacho walikuwa wamekifanya chao. Taijiquan pia ilitambuliwa hivyo: Desemba 2020 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, bila kuitaka iruke hewani.

Hapo ndipo ulipo ufunguo. Mwaka 1964, katika Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walishinda madaraja matatu ya judo. La nne, lile lisilo na kipimo cha uzito, lilichukuliwa na Mholanzi, Anton Geesink, mbele ya Wajapani walioujaza ukumbi. Siku ile Wajapani walihuzunika. Lakini siku ile ndiyo judo ilipokuwa mchezo wa dunia. Wushu itatambuliwa kikweli pale mgeni atakapoacha kuwa mshiriki tu wa kujaza orodha, akawa mshindi, mwalimu, mwamuzi na mtunzi wa kanuni. Nasi walimu wa nchi zisizo za pwani tunalijua hilo kwa uzoefu. Lugha haikuwa yetu kwa cheti tulichopewa na wenye lugha. Ilikuwa yetu tulipoifundisha, tukasahihishana, na mara nyingine tukawasahihisha na wenyeji wake.

Tunachodai

Kulaumu ni rahisi, basi niseme ninachotaka.

Kwanza, sanda iwekwe mbele. Mchezo unaopelekwa kwa mataifa uwe ule ambao ndani yake mtu huthibitisha ufundi wake mbele ya mtu mwingine, na si mbele ya jaji peke yake.

Pili, talaka ibatilishwe. Yaandaliwe mashindano ambamo mshindani mmoja huonyesha mfululizo kisha hupigana, na alama zake zikajumlishwa. Mara moja miruko isiyo na maana itapungua yenyewe, kwa kuwa mtu hatapoteza miaka kufanya mazoezi ya kisichomsaidia jukwaani.

Tatu, fungu la alama za ugumu litazamwe upya. Ugumu upimwe kwa maana ya pigo: uimara wa mkao, nguvu inayotoka mguuni ikafika ngumini, na silaha yenye uzito wake wa kweli.

Nne, mitindo ya jadi ipewe viwanja vyake, waamuzi wake na bajeti yake, bila kulazimishwa kuvaa sare moja. Ushindani uwe mlango mmoja wa nyumba, na nyumba ibaki na milango mingine.

Tano, waalimu na waamuzi wa Afrika, Ulaya na Amerika wapewe mafunzo na mamlaka, si fulana na picha za ukumbusho tu.

Dakar imepewa heshima ya kuwa mahali ambapo kwa mara ya kwanza kijana wa wushu aweza kuvikwa medali ya Olimpiki. Naifurahia heshima hiyo, na kijana huyo ana haki ya kupigiwa vigelegele. Ila nawaomba wenzangu, mwanafunzi atakapokuja darasani akisimulia jinsi mchezaji fulani alivyozunguka hewani mara mbili, msimkatize. Mwacheni amalize, kisha mwulizeni ule mzunguko ulikuwa wa kumzuia nani. Akishindwa kujibu, mpeni hilo liwe insha ya wiki.